Miaka Miwili Iliyopunguzwa

Mtu aliyeleta habari alikataa kukaa.

Asmali alikuwa uani akifuma, mkanda wa kufumia umembana kiunoni, miguu ameinyoosha juani. Binamu yake wa kijiji cha kwao, ng'ambo ya mto, alisimama kwenye ngazi za mawe, viatu vimejaa tope. Alipoonyeshwa mkeka alitikisa kichwa. Alipoletewa bakuli la pombe ya ulezi alitikisa kichwa tena.

"Shemeji yuko wapi?"

"Hombahadur? Yuko na nyati huko chini. Kaa basi, binamu. Umeshuka bonde lote na kulipanda uje kunisimamia kama nguzo?"

"Niitie shemeji, dada. Shida yangu ni kwake."

Asmali akaacha uzi uanguke. Kwao, baba akiugua huitwa binti. Baba akifa huitwa mkwe. Mkwe ndiye aoshaye, ndiye abebaye, ndiye akataye mianzi. Hakuna mtu aliyewahi kuvuka bonde lile, katikati ya mavuno ya ulezi, kumtafuta Hombahadur kwa mazungumzo tu.

"Ni Baba," alisema.

Binamu alitazama viatu vyake. "Alikuwa anapandisha mawe kutoka mtoni. Tulimkuta amekaa pale pa kupumzikia, tenga bado mgongoni, ukanda wake bado kwenye paji la uso. Tulidhani amesinzia. Rafiki yake Narjang alimpitia akamtania, akaona hajibu."

"Mawe ya nini tena, mtu wa miaka sitini na sita?"

"Dada, unajua ya nini."

Alijua. Yalikuwa mawe ya nyumba ya afande wa Singapuri. Na afande huyo hakuwahi kuwako duniani.

Baba yake aliitwa Kharkaman Gurung, na maisha yake yote yalipimwa kwa nusu inchi. Alipokuwa na miaka kumi na saba alitembea siku sita pamoja na rafiki yake Narjang hadi walipokuwa wakisajiliwa vijana wa jeshi la Waingereza. Narjang alipimwa kifua, akachukuliwa. Kharkaman alipimwa, akaambiwa avute pumzi. Akavuta. Akaambiwa avute tena. Ilipungua nusu inchi, na nusu inchi hiyo hakuna aliyeweza kumkopesha. Alirudi peke yake, akajificha siku tisa kwenye kibanda cha ng'ombe juu ya kijiji, kwa sababu hakujua ataingiaje nyumbani mchana watu wakiona. Narjang alirudi baada ya miaka mingi akiwa Kapteni, mwenye pensheni na nyumba ya paa la bluu. Urafiki wao haukufa, ila ulikaa kama meno yaliyooza: walitafuna upande mwingine.

Binti alizaliwa kwanza, na hakuna aliyempima kitu. Kisha akazaliwa Lekhman.

Asmali alikuwa na miaka tisa siku walipokwenda kumwandikisha mdogo wake ofisini. Lekhman alikuwa na mitano, mtoto wa kukimbia na mbuzi, lakini Baba alisema, "Mbebe mgongoni, aonekane mdogo." Basi akambeba, miguu yake ikimgonga magotini, hadi mbele ya meza ya karani.

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu," Baba alisema.

Karani alinyanyua kichwa. "Mitatu? Mbona kinywa kimejaa meno kama mbwa wa mchungaji?"

"Kwetu tunaota mapema, bwana karani. Ni maziwa ya nyati."

"Na hiyo miguu nayo ni maziwa ya nyati?"

"Miguu ni ya upande wa mama yake."

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Asmali alifungua kinywa kusema mitano, maana mwalimu alikuwa amewafundisha kuwa uongo ni uchafu wa roho. Baba akamtazama. Akafunga kinywa. Njiani kurudi Baba aliwanunulia wote wawili peremende, akamweleza kama mtu mzima anavyomweleza mwenzake: "Mwisho wa kuchukuliwa ni miaka ishirini na mmoja. Mimi nilipata nafasi moja. Mdogo wako nimempunguzia miaka miwili, hiyo ni nafasi mbili zaidi. Hajui leo, atanishukuru kesho."

Lekhman alikua na miguu aliyosingiziwa mama yake. Kila alfajiri, kabla ya shule, Baba alimpakia mchanga kwenye doko, lile tenga la mgongoni linaloshikiliwa na ukanda wa kichwani, akampandisha ngazi za mawe kutoka mtoni hadi hekaluni. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimtania: "Lekhman, ukioa utamleta bibi harusi ndani ya hilo tenga?" Naye alijibu bila kusimama, "Akiwa kilo ishirini na tano, ndiyo!" Alikuwa mcheshi. Alipenda kukimbia. Hilo Asmali hulisema hadi leo: hakuna aliyemlazimisha kupenda.

Alipotimiza miaka kumi na minane Baba hakuweza kungoja tena. Karatasi ilisema kumi na sita, lakini Baba alisema, "Siku zetu hawakusoma karatasi. Walisoma kifua." Walishuka wote watatu hadi mji wa Pokhara, penye usajili. Vijana mia na zaidi waliinama chini ya mchanga, wakaamriwa kupanda mlima mbio. Lekhman alifika wa kwanza. Wa pili alipotokea kwenye kona, Lekhman alikuwa ameshatua mzigo, amekaa chini, anafunga kamba ya kiatu. Baba alilia mbele za watu. Asmali hakuwa amewahi kuyaona machozi yake, na hakuyaona tena.

Kisha wakafika mezani. Ofisa alikuwa mzungu mwenye nyusi nyekundu, anayesema Kinepali kizuri kuliko karani wa kwao. Alifungua karatasi, akaisoma mara mbili.

"Huyu ana miaka kumi na sita."

"Karatasi ni ya uongo, saheb," Baba alisema haraka. "Ana kumi na minane kamili."

"Nani aliyemwandikisha?"

"Mimi."

Ofisa alimtazama, si kwa ubaya. "Mzee, ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo. Mimi nitajuaje ni ipi?" Akamgeukia Lekhman, akampa mkono. "Umekimbia vizuri sana, kijana. Rudi karatasi ikikomaa."

Njia nzima ya kurudi Lekhman alingoja. Asmali alimwona anavyongoja. Alikuwa akitembea nusu hatua nyuma ya Baba, ameinamisha shingo kumtegea sikio. Neno moja tu lingetosha: nimekosa. Baba alisema, "Miaka miwili si kitu. Utarudi na nguvu mara mbili."

Na ili nguvu ziwe mara mbili, akauongeza mzigo. Kilo thelathini. Thelathini na tano. Mchanga ukawa mawe. Siku ya kilo arobaini, kwenye ngazi zenye umande, goti la kushoto lilitoa sauti kama kuni kavu. Mganga alilifunga, hospitali ikalifunga tena, lakini halikurudi kuwa goti la kukimbilia. Karatasi ilipokomaa alikwenda, akashindwa. Akaenda mwaka uliofuata. Akaenda mara ya tatu, miaka ishirini na mitatu ya kweli, akafika wa mwisho, akikokota mguu, Baba amesimama pale pale alipolilia mwanzo. Jioni hiyo walikula ugali wa ulezi. Lekhman aliosha sahani yake mwenyewe, na kabla ya mwezi kwisha akapanda ndege kwenda Malaysia kulinda geti la kiwanda cha glovu.

Alituma picha. Alikuwa amevaa sare ya bluu, kofia, kamba nyeupe begani, mkanda unaong'aa. Baba aliitia fremu akaitundika juu ya mlango. Jirani wa kwanza kuiona aliuliza, "Lo, huyu ni polisi wa wapi?"

"Singapuri," Baba alisema.

Neno lilimtoka kama chafya, na likishatoka halirudi puani. Vijana wa kabila lao la Gurung walioingia polisi ya Singapuri walihesabika. Kumpata mmoja ni sherehe ya kijiji. Watu wakaja na mashada ya maua. Baba akachinja jogoo. Mwaka uliofuata akaanza kusogeza mawe ya nyumba, kwa maana afande wa Singapuri hawezi kurudi kulala kwenye chumba cha udongo.

Asmali alikuwa tayari ameolewa ng'ambo ya mto, lakini barua zilipofika Baba alimwita azisome, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia na shule hakuijua. Alimkalisha uani, majirani wakisikiliza.

"'Baba mpendwa, hapa Malaysia mvua—'"

"Hapo wapi?"

"Malaysia, Baba."

"Soma vizuri."

Watu walikuwa wakinywa chai na kumtazama. "'Hapa Singapuri mvua ni nyingi...'"

"Ehe. Endelea."

Kila barua aliyoisoma hivyo, aliporudi kwake aliwasha taa ya samli mbele ya Buddha, akaomba asihesabiwe uongo ule. Taa zilikuwa nyingi. Mara moja, wakiwa wawili tu, alijikaza akasema, "Baba, mwite alivyo. Ni mlinzi. Ni kazi ya halali, anakuletea dawa za macho."

Baba alikuwa akinoa mundu. Hakuacha kunoa. "Mwanangu ni yule aliyefika wa kwanza. Huyo wa getini simjui."

Asmali aliondoka bila kuaga. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Mwezi wa kumi binamu alisimama kwenye ngazi akikataa kukaa.

Hombahadur alivuka mto siku ile ile, akafanya kazi yote ya mkwe. Maiti ilichomwa bila mwana, maana kiwanda hakikutoa ruhusa. Asmali alikwenda dukani akampigia Lekhman simu, akampa habari.

"Alisema chochote?" Lekhman aliuliza.

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu karatasi, dada."

Angeweza kumdanganya. Alikuwa amezoea. "Hakusema, mdogo wangu."

"Basi."

"Utakuja kwenye matanga makubwa ya kumsindikiza? Tumeyaweka mwezi wa Pus, wakati wa baridi kali, baada ya mavuno. Bila wewe nani atamlisha? Roho ya Baba itakaa mlangoni kama kuku aliyefungiwa nje."

"Ikae," Lekhman alisema, na simu ikakatika. Lakini wiki mbili baadaye alituma ujumbe kwamba amepewa siku ishirini.

Aliwasili siku ya kwanza ya matanga, akipanda ngazi za mawe polepole, mkono kwenye goti. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga. Bibi mmoja alimvisha maua ya njano. Mwingine akapaza sauti, "Jamani, afande wa Singapuri amefika!"

Lekhman alitazama nyuma yake kuona nani anakuja. "Dada, wanamwita nani?"

"Wewe."

"Mimi? Nani kaniandikisha polisi bila kunipima kifua?"

Alimvuta jikoni, akamweleza yote kando ya moto: picha, chafya ya Baba, barua, nyumba. Alitegemea hasira. Lekhman alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya lile shada la maua.

"Na aliyekuwa akisoma barua ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akaacha kucheka. "Kwa hiyo sikumwandikia Baba hata barua moja," alisema. "Yule wa Singapuri ndiye aliyemwandikia."

Asmali aliusukuma ukuni motoni. Alitaka jambo moja tu wakati ule, na alilitaka kwa kila pumzi: Baba asiende bila kumpokea huyu, huyu mwenye goti bovu na maua shingoni. Wakishamsindikiza hakuna tena wa kumpokea.

Siku ya tatu, jua likiwa limepita utosini, walilikalisha sanamu la Baba uani. Hombahadur alikuwa amelisuka kwa mianzi, likavikwa shuka jeupe, koti la Baba na kofia yake. Binti na wanawake wa ukoo walilipitishia chakula: wali, mayai, pombe, tumbaku. Kuhani alipiga ngoma, akaleta kondoo dume mweupe ambaye roho ya marehemu humwingia siku hiyo. Huulizwa kama ameridhika. Akijitikisa, ameridhika, na njia inafunguliwa. Asipojitikisa, kuna jambo.

Kuhani aliuliza mara ya kwanza, akamnyunyizia kondoo maji. Kondoo alisimama. Aliuliza mara ya pili. Kondoo alitafuna jani la maua.

"Kharkaman huyo," mzee mmoja alinong'ona. "Hata akifa hasukumwi."

Mjomba wao akasema kwa sauti, "Kharka, mbona unatuchelewesha? Mwanao yuko hapa! Afande wa Singapuri, mwenye jina! Ridhika uende!"

Swali la tatu, maji tena. Kondoo hakutikisika hata sikio.

Ndipo Lekhman aliposimama. Alikuwa amenyolewa kichwa, amevaa nguo nyeupe ya mfiwa. Alikwenda mbele ya sanamu akikokota mguu, na hakumtazama kondoo wala watu.

"Baba, mimi si wa Singapuri," alisema. "Nalinda geti Malaysia. Magari yanaingia, nafungua, yakitoka, nafungua. Wasimamizi ni wazuri. Naishi na wenzangu sita chumba kimoja, tunapika dengu. Goti linauma wakati wa mvua. Ni hayo. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu."

Asmali alifumba macho, akangoja kicheko. Alijua vicheko vya kijiji chake. Vingemfuata ndugu yake hadi uwanja wa ndege.

"Kaa chini, kijana, usilitese goti," sauti ilisema. Ilikuwa ya Kapteni Narjang, kwenye kiti chake cha mbele, medali kifuani. "Nani hapa asiyejua? Mimi nimekaa Singapuri miaka minne. Sidhani kama nimesahau kofia za polisi wao. Hiyo picha nilipoiona nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Kharka kampandisha mtoto cheo. Tukanyamaza. Na jogoo wake tukamla."

Watu waliinamisha vichwa. Bibi wa maua ya njano alitazama pembeni.

"Na kuna jingine," Kapteni alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Alinilisha kiapo, lakini kiapo cha mtu huchomwa naye. Kila mwaka, baada ya ulezi, alikuja kwangu niandike barua kwa mabwana wa jeshi. Maneno aliyaleta mwenyewe, ni yale yale. Kwamba tarehe ya kuzaliwa ya Lekhman Gurung ni kosa la baba yake. Kwamba kijana alifika wa kwanza, na hana hatia. Nimeandika barua hizo miaka kumi. Walijibu mara moja tu, kwa adabu. Nikamwambia, Kharka, hata wakikubali, mwanao sasa ana miaka ishirini na minane, hawamchukui. Unajua alinijibu nini? Si ili wamchukue, alisema. Ni ili iandikwe mahali."

Lekhman alikuwa bado amesimama. "Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Ningemuuliza, lakini angenivunjia kiti," Kapteni alisema. "Baba yako alishindwa kuvuta pumzi ya nusu inchi, mwanangu. Neno hilo lilihitaji pumzi zaidi."

Lekhman alikaa chini pale pale, kwenye vumbi, mbele ya koti la baba yake. Alichukua wali kwa vidole, akaupeleka mahali ambapo kinywa kingekuwa, akaushikilia hapo kwa muda mrefu. Asmali alikaa karibu naye. Hakukumbuka baadaye alisema nini. Wanawake waliokuwa nyuma walimwambia kwamba alikuwa akirudia, "Mpokee, Baba, mpokee, Baba," kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

Kuhani aliuliza mara ya nne, akamwagia maji. Kondoo alijitikisa kuanzia masikio hadi mkiani, matone yakawarukia wote wawili usoni.

Kapteni Narjang alisema baadaye kwamba maji ya mwezi wa Pus yangemtikisa hata tembo. Asmali hakubishana naye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, kama yanavyokwenda. Wakwe walilinyanyua sanamu, Hombahadur mbele. Wanawake walishika ncha za shuka refu jeupe na kulisindikiza hadi mwisho wa kijiji, pale nyumba zinapoisha na mteremko unaanza, na hapo kila mmoja aliachia ncha yake. Kuhani alimtajia Baba njia: kijiji kwa kijiji, kijito kwa kijito, malisho ya juu, ziwa, theluji, hadi kwa wazee waliotangulia. Alimwambia asirudi kwa ajili ya nyumba, wala mifugo, wala watoto. Lekhman aliinama mara tatu, goti likimsumbua. Mara ya tatu Asmali alimshika mkono. Hombahadur alivua koti na kofia, akavunja mianzi, akaitupa bondeni kipande kwa kipande. Kisha walinawa mikono kwa maji ya majani machungu, wakageuka, wakarudi kijijini kula.